Gari Linalia na Nani?

Kwa Waswahili gari halitoi sauti, gari linalia. Kitenzi ni kile kile kitumikacho kwa mtoto anayeachishwa ziwa, kwa mfiwa, kwa njiwa aliye juu ya paa na kwa kengele ya skuli. Kisha lugha imeongeza kiungo kidogo kinachogeuza maana nzima. Mtu akilia, ana huzuni. Akilia na mtu, ana mashitaka. Mkulima hulia na kima, mpangaji hulia na mwenye nyumba, raia hulia na bei ya unga. Basi kila anayefungua boneti kwa sababu ya mlio mwembamba uliotoka ndani yake ana suala moja la kuanzia: gari hili linalia na nani? Wengi hawalifikii suala hilo, kwani wamekwisha kulitanguliza jengine, nalo ni vipi gari litanyamaza.

Mlio wenyewe unajulikana na kila aliyewahi kulala karibu na barabara. Ni alfajiri ya masika, hewa imelowa. Ufunguo unazungushwa, injini inawaka, na papo hapo unatoka ukelele mrefu kama mbinja, mkali kwa sikio, unaowatimua paka chini ya magari mengine. Hudumu kwa kadiri ya kuhesabu kumi au ishirini, kisha hukatika. Unyevu umekauka kwa joto. Altaneta, ambayo ilikuwa ikiirudishia betri nguvu zilizoliwa na stata, imepunguziwa mzigo. Mkanda umeacha kuteleza. Mwenye gari aliyekunja uso huukunjua. Mchana kutwa gari huenda na kurudi bila ya neno, na mambo ya alfajiri husahauliwa mpaka alfajiri nyengine. Huo ukimya wa mchana ndio mtihani wenyewe, kwa sababu humpa mtu kisingizio cha kungoja, na kisingizio hicho mara nyingi hupendwa kuliko ukweli.

Mbele ya injini pana mkanda wa mpira ambao mafundi huuita fenibelti hata katika magari ambayo feni yake huzungushwa na umeme. Kazi imehama, jina limebaki. Mkanda huo hupokea mzunguko kutoka puli kubwa ya chini na kuwagawia wengine: altaneta inayochaji betri, pampu ya usukani, kompresa ya kipoza hewa, na katika magari mengi pampu ya maji inayoipoza injini. Kati yao zimo puli za kuongoza na moja ya kukaza. Kila puli imekaa juu ya beringi, yaani gololi ndogo za chuma zinazoogelea katika grisi. Nahodha wa jahazi angeuelewa mpango huu bila ya kufunzwa: kamba, kapi, na uzito wa kuvutwa. Na kapi likilia wakati foromali inapandishwa, nahodha hulitazama kapi. Haitupi henza baharini.

Gereji hufanya kinyume chake mara nyingi kuliko inavyopendeza kukiri. Anayelia ni mkanda, mpira unaoteleza juu ya chuma. Lakini aliyeufanya uteleze aghalabu ni mwengine. Huenda beringi ya altaneta imekauka grisi na inashika. Huenda puli imekaa upande kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Huenda springi ya kikaza imelegea, au mafuta ya injini yanadondoka juu ya mpira tone kwa tone tangu mwaka jana. Fundi wa haraka huuvua mkanda, huutupa, hufunga mpya, hupokea ujira wake. Kimya hupatikana kwa wiki mbili. Kisha mlio hurudi, safari hii ukitoka katika mkanda ambao haujapoteza hata harufu ya dukani, na mwenye gari hulalamika kwamba siku hizi vifaa havina maana. Amemwadhibu shahidi na kumwacha mkosa. Ameleta shahidi wa pili, naye ametoa ushahidi ule ule.

Ni nani ambaye hajaliona jambo hili nje ya gereji? Mfanyakazi mwenye kulalamika huhamishwa. Aliyeletwa mahali pake, mtu mpole aliyesifiwa, katika mwezi wa tatu anaanza kulalamika kwa maneno yale yale. Mtoto asemaye hataki kwenda chuoni huchapwa, na hakuna aulizaye ni kitu gani kilichomo njiani au ndani ya chuo. Wapenzi wa ushairi wana mfano wao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alitoa kijitabu kilichouliza Kenya ilikuwa inakwenda wapi. Suala halikujibiwa. Aliyeuliza ndiye aliyefungwa, kutoka 1969 hadi 1972, na tungo zake za kifungoni zikachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu kikapewa tunzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji. Sauti ilisifiwa, suala likabaki pale lilipokuwa.

Turudi kwenye boneti, maana upo uovu mdogo unaofanyika hapo ambao ni mzito zaidi kuupima kuliko huo wa dola. Ni sabuni. Kipande cha sabuni ya mche kikisuguliwa upande wa ndani wa mkanda unaolia, mlio hupungua au hukoma kwa muda. Ipo pia dawa ya kopo ya kupuliza, ghali zaidi, yenye kazi hiyo hiyo. Fundi mkweli atasema kwamba vyote viwili si tiba: hunasa vumbi, huufanya mpira kuwa laini mahali na mgumu mahali, na lililokuwa likishika beringi huendelea kuishika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku mkanda ukikatika, taa ya betri huwaka, usukani huwa mzito ghafla, na pale ambapo pampu ya maji inautegemea mkanda huo huo, maji huacha kuzunguka na joto la injini hupanda kwa dakika chache tu. Kwa mtu aliye mjini mchana ni hasara ya fedha. Kwa anayetoka Makunduchi usiku na mja mzito kiti cha nyuma, akielekea Mnazi Mmoja, ni hasara ya namna nyengine.

Sasa achukuliwe Maalim mmoja, mstaafu, mtu wa mfano tu, lakini wa namna inayopatikana katika kila mtaa. Anataka kuliuza gari lake dogo. Mnunuzi ni kijana wa jirani yake wa zamani, anayetaka kulifanya teksi. Gari linalia kila alfajiri. Maalim analipeleka kwa fundi, naye fundi, kwa heshima zote, anamwambia, "Maalim, usijisumbue. Nitalipaka sabuni, kijana atakuja, atalisikiliza, atatoa fedha. Mlio si kitu." Maalim anajibu, "Kama si kitu, mwanangu, sabuni ya nini?"

Jibu hilo linatosha kuikataa sabuni. Mtu anaweza kujitetea kwamba hakusema uongo. Hakutamka neno lolote kuhusu mkanda. Lakini ukimya uliotengenezwa kwa mkono ni kauli. Unamwambia mnunuzi kwamba hapana mlio, na unamwambia kwa lugha ambayo yeye anaiamini kuliko maneno ya muuzaji, kwani masikio ni yake mwenyewe. Hilo ndilo linaloifanya sabuni kuwa mbaya kuliko uongo wa mdomo. Maneno ya muuzaji hutiliwa shaka na kila mtu. Sabuni huigeuza hata shaka ya mnunuzi ikamshuhudia muuzaji.

Lakini Maalim hahitaji sabuni. Akitaka, ataliendesha gari kutoka nyumbani kwake hadi Darajani saa nne za asubuhi, kama afanyavyo kila siku, na huko atamkuta kijana. Injini itakuwa imepata moto. Mlio hautakuwepo. Hakupaka kitu, hakusema kitu, alipanga saa tu. Je, amedanganya? Hapa mizani ni nzito zaidi, na watu wema watakhitalifiana. Mmoja atasema kwamba kila gari hufika sokoni likiwa na moto, na kwamba mnunuzi mwenye akili hujua kuomba aliwashe likiwa baridi. Mwengine atasema kwamba saa huchaguliwa na mtu, na aliyeichagua anajua kwa nini.

Imepokewa kwamba Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la chakula kilichokuwa kikiuzwa, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione. Inafaa kutazama kwa makini ni kitu gani alicholaumiwa mtu yule. Hakukilowesha chakula, kililoweshwa na mbingu. Hakusema kwamba ni kikavu. Kosa lake lilikuwa mpango: kikavu juu, kilicholowa chini. Na injini yenye moto ni lundo lililopangwa hivyo hivyo, mchana juu na alfajiri chini. Kwa hukumu hii Maalim hana njia ya saa nne.

Basi na aseme! Wengi wataona kwamba hapa ndipo maadili yanapokwisha: mwambie mnunuzi kwamba gari linalia alfajiri, kisha mpatane bei. Lakini kukiri mlio bila ya kujua sababu yake ni kukiri nusu, na nusu nyengine hujazwa na hofu. Kijana akiambiwa tu kwamba gari linalia, atafikiria kila kitu: injini imekufa, mzee anakimbia mzigo wake. Ataondoka, au atakata bei mara kumi ya gharama ya kosa, au, akiwa na haya mbele ya Maalim, atanunua kwa wasiwasi na kuilipa hofu yake kila alfajiri. Katika hali zote tatu hajaambiwa ukweli, ameambiwa sauti. Mwenye kitu, mwenye muda na mwenye fundi ana wajibu unaotangulia kukiri, nao ni kutafuta.

Kutafuta kwenyewe hakuhitaji mashine kubwa. Kwanza, kikombe cha maji. Injini ikiwa inalia, maji kidogo humiminwa upande wa ndani wa mkanda, mikono na nguo zikiwekwa mbali na puli. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea, au umechakaa, au kitu unachokizungusha kinagoma. Mlio ukipotea kwa muda mfupi kisha ukarudi, hasa ukiwa ni wa kukatakata kama wa kifaranga, shaka iende kwa puli iliyokaa upande. Maji yale yale, majibu mawili. Mahakama chache duniani huuliza suala zuri kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Kisha injini huzimwa na mkanda huvuliwa. Ikiwashwa tena bila ya mkanda, kwa muda wa kupepesa macho mara chache tu kwa kuwa pampu ya maji huenda haizunguki, mlio ama upo ama haupo. Kama haupo, mkosa ni mmoja wa wale waliofungwa kwa mkanda. Kama upo, umo ndani ya injini yenyewe, au ni hewa inayonyonywa kupitia mpira uliopasuka, na huo huwa ni mluzi zaidi kuliko kilio. Puli huzungushwa kwa mkono moja baada ya moja. Nzima huzunguka kimya, laini. Mbovu hukwaruza kama iliyotiwa mchanga, au hucheza ikisukumwa upande. Vidole vya fundi aliyezoea huijua mara moja, kama sikio la mshairi linavyoujua mshororo uliopungua mizani moja kabla hajaanza kuhesabu.

Wako wanaotumia bisibisi ndefu: ncha juu ya nyumba ya beringi, mpini karibu na sikio, injini ikinguruma. Mtu asiyejua hudhani ni ushirikina. Mwaka 1816, mjini Paris, tabibu René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kifuani mwa mgonjwa wa kike na sikio lake upande wa pili, akausikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia. Kutokana na karatasi hiyo pakazaliwa kipimo kinachoning'inia leo shingoni mwa kila daktari. Bisibisi ya gereji ni ndugu yake, ingawa haijapata heshima ile.

Macho, kwa upande wao, yameanza kupoteza nafasi yao. Mikanda ya zamani ilikuwa ya mpira wa neoprini, nayo ikizeeka ilipasuka nyufa zinazoonekana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vilihamia polepole kwenye mpira wa namna nyengine, EPDM, unaodumu zaidi na usiopasuka kwa urahisi. Huliwa ndani ya mifereji yake kidogo kidogo huku uso wake ukibaki mzuri. Anayetazama nyufa ataupasisha. Kuna binadamu wanaozeeka hivyo.

Na masikio nayo yana umri. Sauti nyembamba ndizo za mwanzo kumtoka mtu kadiri miaka inavyokwenda, na yeye hajui kwamba zimemtoka, kwani hakuna asikiaye asichokisikia. Ikatokea kwamba mjukuu aliyeko kiti cha nyuma anasema, "Babu, gari inalia," na babu, aliyeendesha miaka arubaini, anamjibu kwa yakini kwamba haina kitu. Babu hasemi uongo. Lakini ukweli umo kwa mtoto, na adabu ya mtoto itamnyamazisha akiambiwa mara ya pili.

Haki inataka kutajwa pia kosa la upande wa pili. Si kila mlio ni mashitaka. Mkanda unaweza kulia sekunde mbili asubuhi yenye unyevu na usilie tena mwaka mzima. Injini nzima nayo ina vijisauti vyake vya kugonga na kuvuma ambavyo ni pumzi zake tu. Yuko fundi ambaye kwake kila sauti ni mlango wa mfuko wa mteja: atataja altaneta, atataja pampu, atataja injini nzima, na mwenye gari asiyejua atalipa kwa sababu anaogopa. Huyu na yule wa sabuni huonekana maadui, mmoja anazima sauti na mmoja anaikuza. Hata hivyo hakuna kati yao aliyemimina kikombe cha maji. Wote wawili wamemkwepa shahidi.

Ajabu ni kwamba wapo watengenezaji walioamua wenyewe kuweka kilio pale ambapo pangekuwa kimya. Katika pedi nyingi za breki kuna kibati kidogo cha chuma kilichopindwa. Pedi ikiwa nene, kibati hakigusi kitu. Ikiliwa mpaka ikawa nyembamba, kibati hufikia diski na kuanza kutoa mlio mwembamba wa kuudhi, uliokusudiwa kuudhi. Mtu aliyekaa kiwandani alimfikiria dereva asiyemjua, mzembe pengine, akaona kwamba bughudha ni aina ya huruma. Na bado kuna anayekipinda kibati hicho kwa koleo kisiguse, akaondoka akiwa na furaha.

Ama Maalim, fundi wake hatimaye aliomba kikombe cha maji. Mlio ulizidi. Mkanda ukavuliwa, ukaonekana mzima, na mkazo wake ulikuwa sawa. Puli ya altaneta ilipozungushwa kwa mkono ilikwaruza. Ni beringi. Kuibadilisha si gharama ya kumwangamiza mtu, lakini kwa mwezi ule ni zaidi ya alichonacho mstaafu. Fundi, ambaye sasa alikuwa amefurahishwa na ugunduzi wake mwenyewe, aliandika gharama kwenye kipande cha karatasi na kumkabidhi.

Usiku Maalim akampigia simu kijana. Akamwambia asije Darajani saa nne, aje nyumbani baada ya sala ya alfajiri, gari likiwa halijawashwa.

"Mapema hivyo, Maalim? Kuna nini?"

"Kuna kitu nataka ukisikie kwanza. Na nina karatasi hapa, utaisoma baadaye."